Vitafunwa tisa vya "mimea tupu" kutoka rafu moja Dar es Salaam: vitatu vina maziwa, na onyo limefunikwa kwa stika ya bei

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu siku ya kumi na moja tangu tukio lenyewe, na hasira yangu haijapungua hata kidogo. Ninaomba msome hadi mwisho kabla ya kuniambia kwamba vitafunwa vya kigeni ni mambo ya watu wa Masaki, na kwamba mkazi wa Tabata kama mimi angeridhika na mihogo yake. Mtoto wa dada yangu ana miaka sita na ana mzio wa maziwa ya ng'ombe. Simzungumzii mtu ambaye akinywa maziwa tumbo humsokota kwa sababu mwili wake haumudu sukari iliyomo. Huyo huharisha, kisha hupoa. Kwa mtoto wetu, kinga ya mwili yenyewe huishambulia protini ya maziwa kana kwamba ni adui, na tulishawahi kumkimbiza hospitali usiku kwa sababu ya kipande cha keki ya kipaimara.

Tangu aanze darasa la kwanza, wenzake hubeba biskuti za maziwa na vibisi vya jibini, naye hubeba karanga na viazi vitamu. Mbele ya mama yake hajawahi kulalamika, lakini kwangu amelalamika, maana maneno ya namna hiyo mtoto humwambia mama mdogo. Kwa hiyo nilipoona katika supamaketi moja kubwa upande wa Mikocheni rafu nzima yenye kibao cha kijani kilichoandikwa "Vitafunwa vya Mimea 100%", nilisimama pale kwa furaha ya mtu aliyekipata alichokitafuta mwaka mzima. Nilichukua aina tisa, nikalipa Sh 99,000, ambazo kwangu ni fedha za matumizi ya karibu wiki mbili, na risiti ya EFD ninayo. Nilikusudia kuonja kila kimoja mwenyewe, kusoma viambato vyake, kisha kumpa mtoto vile vitakavyomfaa.

Cha kwanza kilikuwa vibonge vya dengu vilivyofurishwa kwa hewa kama bisi, vyenye ladha ya jibini, gramu 85 kwa Sh 14,500. Pakiti iliandikwa kwa Kijerumani na mbele yake palikuwa na picha ya dengu zikiwa kwenye maganda yake. Nyuma, mahali hasa palipoandikwa viambato, palikuwa pamebandikwa stika ya bei. Nilimuuliza kijana aliyekuwa akipanga bidhaa, "Kaka, jibini hii si ya maziwa?" Akanijibu bila kusita, "Hapana dada, rafu hii yote ni mimea tupu." Nyumbani nilivionja: vyepesi, vinayeyuka ulimini, chumvi inaitangulia dengu, na mwishoni panabaki ukali fulani wa jibini ambao niliamini umetokana na hamira, kwa kuwa najua hamira iliyokaushwa hutumiwa kuiga ladha hiyo. Vilikuwa vitamu. Nikampa mtoto vinne.

Hazikupita dakika kumi. Midomo ilivimba, mabaka mekundu yakapanda hadi shingoni, akatapika, kisha pumzi ikaanza kutoka kwa mluzi. Bajaji ya jirani ilitufikisha hospitali, ambako alichomwa sindano ya adrenalini pajani na kuwekwa chini ya uangalizi hadi asubuhi, kwa kuwa dalili za aina hii huweza kurudi saa kadhaa baada ya kutulia. Amepona, namshukuru Mungu. Usiku uleule niliporudi nyumbani kumchukulia nguo, niliilowesha ile pakiti kwa maji ya uvuguvugu nikaibandua stika taratibu kwa ukucha. Chini yake neno moja lilikuwa limekolezwa wino kuliko mengine: Molkenpulver. Nililitafuta maana. Ni unga unaotokana na yale maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kutengeneza jibini, na ndani yake mna protini ya maziwa, ambayo mtoto wetu haiwezi.

Naomba jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu ndipo ulipo msingi wa malalamiko yangu. Tangu Desemba 2014, sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka mtengenezaji akoleze kwa wino au kwa namna nyingine vile viambato vinavyojulikana kuleta mzio, maziwa yakiwamo, ili mnunuzi avione mara moja. Mtengenezaji wa vibonge vile alilikoleza neno lake. Onyo lilivuka bahari, likapita bandarini na kufika dukani likiwa zima, kisha mtu mmoja hapahapa Dar es Salaam akalifunika kwa bei.

Nilirudi dukani siku ya tatu nikiwa na pakiti, stika na karatasi ya hospitali. Msimamizi alinipokea kwa heshima, lakini heshima yake haikuwa na chochote ndani. Alisema, "Mama, sisi hatutengenezi, tunauza tu." Nilimwuliza ni nani aliyeandika kibao cha "Mimea 100%", kwa sababu hakikuandikwa Ujerumani. Akasema kibao kile ni cha kuvutia wateja wanaojali afya. Nilimwonyesha pakiti nyingine sita za vibonge vilevile zikiwa bado rafuni, zote zikiwa na stika mahali palepale, na akaahidi kwamba zingetolewa. Jumamosi iliyopita dada yangu alipita dukani hapo akakuta pakiti nne. Hizo mbili zimeliwa na watoto wa nani?

Baada ya hapo nilikaa mezani na vile vinane vilivyobaki, nikabandua kila stika, nikatafuta tafsiri ya kila neno nisilolielewa. Kipande cha protini cha ladha ya kakao, Sh 12,000, kina neno "whey", yaani unga uleule wa maji ya jibini kwa jina la Kiingereza, na kimo katika nafasi ya pili kwenye orodha. Kwa kuwa viambato hupangwa kwa kufuata uzito, maana yake ni kwamba kitu cha pili kwa wingi ndani ya kitafunwa hicho cha "mimea" kinatoka kwa ng'ombe. Vijiti vya soya vinavyoigiza nyama ya kukausha vimeshikanishwa kwa ute wa yai, na ladha yake ni ya chumvi na moshi tu. Kipande cha shayiri kina asali, ambayo haimdhuru mtoto wetu, lakini asali haioti shambani.

Mchanganyiko wa tambi za dengu, karanga na zabibu kavu kutoka India nilikuwa nimeuamini kuliko vyote, kwa sababu una ile nukta ya kijani ndani ya mraba wa kijani ambayo wengi wetu tumeizoea kwenye bidhaa za maduka ya Upanga na Kisutu. Ni mtamu kweli, una bizari, pilipili na uchachu wa embe, na bei yake, Sh 5,500, ni ya kiungwana. Ila ndani ya viungo vyake mna unga wa maziwa. Hapa simlaumu mtengenezaji hata kidogo. Kwa sheria ya India, nukta ile inamaanisha kwamba chakula hakina nyama, samaki wala yai. Maziwa, samli na asali vinaruhusiwa. Mhindi asiyekula nyama anaijua maana hiyo tangu utotoni. Aliyekosea ni yule aliyeiona rangi ya kijani, akauhamishia mchanganyiko huo chini ya kibao cha "Mimea 100%" bila kuuliza rangi hiyo inasema nini kwa wenyewe.

Tofauti hii si ngeni duniani. Mwaka 1944, huko Uingereza, Donald Watson na wenzake walilazimika kuunda neno "vegan" kwa sababu neno lililokuwapo la watu wasiokula nyama liliruhusu maziwa na mayai, nao hawakutumia vyote viwili. Ikiwa jambo hilo lilijulikana zaidi ya miaka 80 iliyopita, supamaketi inayoagiza bidhaa kwa makontena haiwezi kuniambia leo kwamba haikulijua.

Sasa nivitendee haki vilivyobaki, kwa kuwa vinne havina kosa la viambato. Karatasi za mwani kutoka Korea ni gramu 5 kwa Sh 6,800: mwani, mafuta ya ufuta na chumvi, basi. Zinavunjika kama karatasi kavu, zina harufu ya pwani wakati maji yametoka, na mtoto amezipenda. Mwani huo si wa aina inayolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani. Wa kwao hukaushwa na kusafirishwa nje, ambako hukamuliwa kitu cha kugandishia chakula ambacho kwenye lebo huandikwa E407. Nilikutana na E407 hiyo katika kitafunwa kingine cha meza ileile, biskuti kavu zenye jibini ya korosho kwa Sh 21,000. Pakiti yake inasema korosho zilibanguliwa Vietnam, nchi ambayo pamoja na India hununua kwa wingi korosho ghafi za Tanzania. Jibini yenyewe ni laini, ina uchachu mzuri wa limau, na haina tone la maziwa. Ninaisifu kwa moyo wote, lakini Sh 21,000 kwa kitu kilichojengwa juu ya korosho na mwani ni bei inayomuumiza mtu wa mwambao huu.

Vipande vya fenesi vilivyokaushwa na kukolezwa viungo, Sh 18,900 kwa gramu 70, vimeandikwa "nyama" kwa herufi kubwa. Hutumika fenesi changa kwa sababu bado halijapata utamu na nyuzi zake hukatika kama nyama iliyochemshwa sana. Kinywani vinapendeza, ingawa vinanasa kwenye meno. Kwa protini havikaribii nyama wala maharage, na mzazi anayempa mtoto akidhani amembadilishia nyama anadanganywa na pakiti.

Cha mwisho ni krispi za mihogo zilizofungashwa hapahapa nchini, Sh 3,000, zenye alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Viambato vyake vimeandikwa kwa Kiswahili: mihogo, mafuta ya alizeti, chumvi, pilipili. Stika ya bei ilikuwa imebandikwa mbele, juu ya picha, kwa hiyo mahali pa kubandika panajulikana. Kitafunwa cha bei ya chini kuliko vyote ndicho pekee nilichoweza kukisoma chote nikiwa bado nimesimama dukani.

Najua wapo watakaoniuliza kwa nini nilimpa mtoto kitu ambacho sikukisoma. Nimejiuliza swali hilo usiku mwingi kuliko mtakavyoniuliza ninyi, na jibu langu ni kwamba niliamini kibao na nikaamini neno la mfanyakazi wa duka. Sitarudia. Hata hivyo, kosa langu halimpi mwenye duka ruhusa ya kufunika onyo. Kiwango cha kimataifa cha Codex kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa kinataja maziwa miongoni mwa vitu ambavyo lazima vitajwe kila vinapotumika, na kinatambua kwamba lugha ya pakiti isipoeleweka kwa mnunuzi, inaweza kuongezwa lebo ya ziada kwa lugha inayohitajika. Stika ya kubandika bei wanayo. Mashine ya kuichapa wanayo. Wangeshindwa nini kuchapa "Ina maziwa"?

Ninachodai ni kidogo na kinawezekana. Kibao cha "Mimea 100%" kishushwe hadi kila bidhaa iliyo chini yake isomwe na mtu anayeelewa anachokisoma. Stika ya bei isiguse orodha ya viambato wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Mwagizaji aeleze kwa Kiswahili kama bidhaa ina maziwa, mayai, karanga, soya, ngano au samaki. Wafanyakazi wa rafuni wafundishwe kusema "sijui, ngoja niulize", kwa sababu jibu hilo lingetosha kunifanya niirudishe pakiti ile mahali pake.

Kwa wazazi wenye watoto wa aina hii, kabla hamjafika kaunta, tafuteni maneno haya kwenye pakiti: Milch na Molke kwa Kijerumani, süt kwa Kituruki, lait kwa Kifaransa, na kwa Kiingereza milk, whey na casein. Mkiona stika juu ya viambato, mwambieni mfanyakazi aibandue mbele yenu, na akikataa, iacheni. Mwenye mzio asiridhike na pakiti inayosema imeondolewa sukari ya maziwa, maana protini bado imo. Wenye bidhaa nyingine za namna hii naomba mziandike hapa chini pamoja na namba ya toleo.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS, na huko ndiko ninakopeleka malalamiko yangu Jumatatu asubuhi: pakiti tatu, stika zake, risiti, na nakala ya karatasi ya hospitali. Jina la duka limo katika barua hiyo. Nitarudi kwenye uzi huu kuandika nilichojibiwa.