Nimeachiwa mvinyo wa bei mbaya na naishi Dar: nitunze, ninywe au niuze?

MtaaWaPili (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Bosi wangu, Mreno, amemaliza mkataba na kurudi kwao. Wakati wa kugawa vitu wenzangu walikimbilia sofa na jenereta, mimi nikaachiwa boksi la mvinyo na agizo kwamba nisiwe na papara nalo. Ndani kuna chupa mbili za Bordeaux zimeandikwa Pauillac 2010, tatu za Kanonkop Paul Sauer 2015 za Afrika Kusini, Barolo moja ya 2016, Port moja imeandikwa Vintage 2011, Madeira moja imeandikwa Bual na umri wa miaka 10, halafu kuna roze nne za mwaka juzi.

Mimi mvinyo naujua kwa Dompo za harusini. Nimeangalia bei za hizi chupa mtandaoni nikafunga simu. Nyumba iko Mbezi, joto mnalijua, AC iko chumbani tu na inawashwa usiku. Zitakaa? Na ni kweli mvinyo unazidi kunoga kadiri unavyokaa, au ni stori za wauzaji? Mtoto wangu wa kwanza kazaliwa 2011, natamani ile Port tuifungue akitimiza 18. Shemeji naye ananisukuma niuze zote nilipie ada.

Naomba ushauri. Wale wa "tuma lokesheni" nawaona mnavyochungulia.

Kizibuo

Tuma lokesheni.

Mwana_Hombolo

Mkuu, mimi mkulima wa zabibu Dodoma. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka kwa sababu mzabibu haupati baridi ya kuulaza, na mvinyo wetu mwingi ni wa kunywa mapema, ukiwa mchangamfu. Usije ukaficha Dompo uvunguni miaka kumi ukitegemea muujiza. Hizo zako ni habari nyingine, wenye ujuzi wa hizo watakuja.

DadaWaStoneTown

Nimehudumia mvinyo hotelini kwa muda mrefu, ngoja nikujibu kwa kirefu kidogo.

Kwanza, mvinyo mwingi sana duniani umetengenezwa unywewe mwaka huu au ujao. Hauna cha kusubiri, ukikaa unachoka tu. Kwa hiyo zile roze zitoe kwenye hesabu: tia frijini, nunua changu wa kuchoma, maliza wikiendi hii.

Unaofaa kutunzwa unakuwa na kitu cha kuushikilia: tanini nyingi, uchachu wa kutosha, sukari, au kilevi kilichoongezwa. Pauillac yako ina viwili vya kwanza kwa wingi. Ni mvinyo wa kijiji cha Pauillac, huko Bordeaux, Ufaransa, ambao sehemu kubwa ni zabibu nyekundu ya Cabernet Sauvignon, na 2010 ulikuwa mwaka mkubwa Bordeaux, mvinyo ukatoka na nguvu na uchachu wa juu. Tanini inatoka kwenye ganda na mbegu za zabibu, nyingine kwenye pipa la mwaloni. Ndiyo ule ukakasi unaokamata fizi kama umeuma bibo ambalo halijaiva. Miaka inavyopita tanini zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama chini kama mashapo. Mdomoni mvinyo unalainika. Rangi inatoka kwenye zambarau inaelekea nyekundu ya tofali. Tunda bichi linarudi nyuma, zinakuja harufu za ngozi, tumbaku kavu, uyoga, udongo uliopata mvua ya kwanza. Pauillac nzuri ina pia harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Ukishaikuta mara moja hutaisahau.

Sasa joto. Mvinyo unataka nyuzi 12 hadi 14, giza, utulivu, na hewa isiyo kavu sana. Kinachouumiza zaidi ni kupanda na kushuka. AC ya usiku tu ni mbaya: mchana kimiminika kinatanuka na kusukuma kizibo, usiku kinasinyaa na kuvuta hewa. Baada ya miezi kadhaa ya Mbezi utapata kitu kina ladha ya jamu iliyoungua, na harufu zote nilizotaja zimekwenda. Usiziache juu ya kabati la jikoni hata wiki moja.

Leo kagua kila chupa. Kizibo kimesimama juu ya mdomo wa chupa? Kuna michirizi iliyokauka chini ya karatasi ya shingoni? Mvinyo umeshuka chini ya mabega? Ukiona mojawapo, chupa hiyo ilishapigwa joto kabla yako. Usiitunze, ifungue ujue moja.

MtaaWaPili

Nimekagua dada, zote ziko salama, mzee alikuwa na friji maalumu ofisini (aliondoka nayo, kwa bahati mbaya). Je friji ya kawaida ya nyumbani?

DadaWaStoneTown

Kwa wiki chache sawa. Kwa miaka hapana. Ni baridi mno, karibu nyuzi 4, mvinyo unasinzia haukomai, na hewa yake kavu inakausha kizibo. Halafu kila saa mtu anafungua kuchukua maji.

Tafuta friji ndogo ya mvinyo, ila iwe ya kompresa. Zile za bei nafuu zisizo na kompresa zinaweza tu kushusha joto kiasi fulani chini ya joto la chumba, na Februari ya Dar zinashindwa kabisa. Iweke chumba cha ndani kisichopigwa jua, nyuzi 13, chupa zilale ili vizibo vibaki na unyevu. Umeme ukikatika usiufungue mlango. Masaa machache hayaui mvinyo.

JikoLaMoshi

Samahani wakuu, mimi ni mgumu kuelewa. Mtu analipia kitu kichakae? Eti uyoga na ngozi ya kiatu. Si bora juisi ya zabibu?

Mbongo_Cape

@JikoLaMoshi kiatu sijaona kaandika mtu, umeongeza mwenyewe 😂. Lakini swali lako siyo baya, wengi wanapenda mvinyo mchanga na hawajakosea. Mimi mwenyewe Pinotage, mvinyo mwekundu wa huku, nainywa ikiwa mbichi, tunda limejaa.

Kwa mleta mada: naishi Cape Town, nafanya kazi kwenye sekta hii. Hujui ulichoachiwa. Kanonkop wako chini ya mlima Simonsberg, Stellenbosch, na Paul Sauer ni mchanganyiko wa mtindo wa Bordeaux: Cabernet Sauvignon ndiyo mkuu wa kaya, pamoja na zabibu nyingine mbili, Merlot na Cabernet Franc. 2015 kwetu huku ni mwaka unaotajwa kwa heshima. Hiyo ya 2015 ndiyo Tim Atkin, mkosoaji wa Uingereza, aliipa alama 100 kamili, na huwa hatoi ovyo.

Una tatu, hiyo ndiyo raha yake. Moja fungua mwaka huu, nyingine baada ya miaka minne au mitano, ya mwisho uamue baada ya kuonja ya pili. Huwezi kujua mvinyo unakwenda wapi kwa chupa moja. Mtu mwenye moja anaishi kwa wasiwasi: nikifungua mapema nimepoteza, nikichelewa nimepoteza. Ndiyo maana hiyo Barolo nakuonea huruma kidogo.

MtaaWaPili

Barolo ina shida gani tena? Nimeimulika kwenye taa naona rangi imepauka, nikajua imechuja.

Mbongo_Cape

Haijachuja. Zabibu yake, Nebbiolo, ndivyo ilivyo, rangi nyepesi lakini tanini ya kukaza shavu. Sheria ya Italia inataka Barolo ikae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya pipa, na hata hapo inakuwa bado kali. Wanaoijua wanasema inanukia lami na waridi. Kwenye karatasi inachekesha, puani inaeleweka. Ya 2016 ipe mpaka 2030 ukiweza. Ukishindwa subira, imimine kwenye jagi la kioo masaa mawili matatu kabla, na upike nyama ya mafuta. Barolo bila chakula ni ugomvi.

Trier_Kwetu

Nipo Ujerumani, mtaani kwetu hapa kando ya mto Mosel wanatunza mvinyo mweupe kuliko mwekundu. Riesling, mvinyo mweupe wa huku, inaweza kuwa na kilevi asilimia 8 tu na ikakaa miongo, sababu uchachu ni mkubwa na sukari ipo. Ikizeeka inapata rangi ya dhahabu na harufu fulani ya petroli. Kweli petroli, kama umesimama sheli, halafu nyuma yake kuna asali na ndimu. Mara ya kwanza nilidhani glasi haikuoshwa. Haimhusu mleta mada moja kwa moja, nimeona tu kila mtu anaongelea nyekundu.

BahariaMstaafu

Nimesoma uzi wote hakuna aliyegusa chupa muhimu kuliko zote kwa mtu wa Dar. MADEIRA.

Kijana, hizo nyingine zote zinaogopa joto. Hiyo imezaliwa humo. Zamani mapipa kutoka kisiwa cha Madeira yalipakiwa merikebuni kwenda India, yanavuka ikweta, yanapikwa na jua miezi kadhaa. Mengine yakarudi, watu wakaonja, wakakuta mvinyo umekuwa mzuri kuliko ulivyoondoka. Ukawa na jina lake kabisa, vinho da roda, mvinyo wa kwenda na kurudi. Baadaye wakaona safari ni gharama, wakaanza kuupasha joto kisiwani kwenyewe: wa bei ya chini kwenye matangi, nyuzi 45 hadi 50 kwa miezi mitatu au zaidi, na ule mzuri kwenye mapipa yaliyokaa darini miaka na miaka.

Kwa hiyo kila kinachoua mvinyo, yaani joto na hewa, hiyo imeshafanyiwa. Mbezi haiitishi. Isimamishe tu, usiilaze, maana uchachu na kilevi chake vinakula kizibo. Ukiifungua huna haja ya kuimaliza, inakaa miezi.

Bual ni ya upande wa utamu. Mimina kidogo baada ya chakula. Utapata sukari iliyoungua, tini kavu, ganda la chungwa, korosho zilizokaangwa, halafu mwishoni unakuja uchachu unasafisha mdomo wote na unatamani tena. Kwa halua sijaona mfano wake.

MtaaWaPili

Mzee shikamoo, hii imenifurahisha kuliko zote. Na Port ya mwanangu je? Nayo ni ya Wareno.

BahariaMstaafu

Marahaba. Port siyo Madeira, usizichanganye. Zote zimeongezwa pombe kali ndiyo maana zina nguvu, lakini Vintage Port inakomaa ndani ya chupa, siyo kwenye pipa. Inatiwa chupani mapema, miaka miwili hadi mitatu baada ya mavuno, ikiwa nyeusi tii na mbichi, halafu inaachwa miongo. 2011 ni mwaka ambao nyumba kubwa za Douro, bonde la Ureno inakotoka Port, karibu zote zilitangaza Vintage, yaani Port ya mavuno bora ya mwaka mmoja, kwa hiyo mtoto kazaliwa mwaka wa heshima. Iingie kwenye friji ya mvinyo, ilale. 2029 itakuwa inaanza kufunguka tu, na akiisubiri mpaka anaoa haitamwangusha.

ShemejiWaKweli

Mimi si shemeji yake ila nauliza kwa niaba ya shemeji: kuuza haiwezekani?

Mbongo_Cape

Bei uliyoona mtandaoni ni ya chupa yenye historia: imenunuliwa wapi, imekaa wapi, kwa joto gani. Minada ya London inauliza hayo. Chupa moja moja kutoka Mbezi bila karatasi, mnunuzi wa maana atakupa robo au hatajibu. Ada ilipwe kwa njia nyingine.

MtaaWaPili

Basi nimeamua. Friji ya kompresa natafuta Kariakoo wiki hii, Madeira inabaki kabatini imesimama, Paul Sauer moja inafunguliwa Jumamosi. Sasa nipeni utaratibu wa kuonja, nisiigugumie kama soda mbele ya wageni.

DadaWaStoneTown

Kwanza, ule msemo wa kwamba mvinyo mwekundu unanyweka kwa joto la chumba ni wa vyumba vya Ulaya. Chumba chako kina nyuzi 30. Mvinyo wa joto hivyo unanuka kilevi tu. Ukitoka kwenye friji ya 13 uache mezani dakika 15. Kama bado hujapata friji, tia kwenye ya nyumbani saa moja na nusu hadi mawili kabla, ukilenga 16 hadi 18.

Usichome udi siku hiyo, na wageni wapunguze marashi. Nasema hivi kwa uzito, niliwahi kuona meza nzima inasifu harufu ya karafuu kwenye mvinyo kumbe ni mafuta ya mama aliyekaa katikati.

Glasi pana, mimina theluthi. Inamishe juu ya kitambaa cheupe uone rangi ya ukingo. Nusa kabla ya kuzungusha, kisha zungusha unuse tena, utaona tofauti. Kama inanuka boksi lililolowa maji, kizibo kimeuharibu, hakuna dawa. Kama iko sawa, piga funda la wastani, uliache liguse ulimi wote na fizi, vuta hewa kidogo kupitia midomo, ndipo umeze. Halafu nyamaza uhesabu ladha inabaki muda gani. Mvinyo wa kawaida unaondoka haraka. Huo wako utakuta bado unao wakati mtu wa pili anaomba glasi.

Na usiumalize usiku wa kwanza. Bakisha glasi moja, ziba, weka frijini, onja kesho yake jioni. Kama Jumapili umekuwa mzuri kuliko Jumamosi, zile mbili zilizobaki zina miaka mingi mbele.

Kizibuo

Jumamosi saa ngapi?