Kijiko cha EAA: shirika hili lilipotelea wapi, na Embakasi ndiyo JKIA?

Mwana_Likoni
Hamjambo wote. Juzi tukipanga vyombo vya marehemu nyanya nimepata kijiko cha chai, mpini umechongwa EAA. Mama anasema babu alikuwa akiosha vyombo vya ndege Embakasi. Kenya Airways naijua, lakini hii EAA ilipotelea wapi? Na Embakasi ya babu ndiyo Jomo Kenyatta ya leo, au ni kiwanja kingine?

FundiMstaafu
Mwanangu, hiyo ni East African Airways, iliyoanzishwa 1946, mali ya nchi zetu pamoja. Kwanza ndege zilikuwa zikitua Eastleigh, pale panapoitwa Airbase. Mwaka 1958 Embakasi ikafunguliwa, kazi ikahamia huko.

Mimi niliingia karakana ya Embakasi 1971 kama mwanagenzi. Aliyenifundisha alitoka Moshi, tukimwita Mwalimu. Kabla hajagusa skrubu yoyote ya Super VC10 alipitisha kiganja polepole juu ya bawa, akitafuta ufa kwa ncha za vidole kwanza, tochi baadaye. Mapema 1977 serikali zilikuwa zimeshindwana juu ya madeni na michango, shirika likasimama. Mwalimu alinikabidhi spana zake zimefungwa katika kitambaa cha kufutia grisi, akaenda kwao. Februari hiyo Tanzania ikafunga mpaka. Hatukuonana tena. Mwezi huohuo Kenya Airways ikaanza kuruka, kwa Boeing 707 za kukodi.

Kiwanja ni kilekile, jengo ndilo jingine. Jipya lilifunguliwa Machi 1978, ng'ambo ya njia ya kurukia, na Mzee Kenyatta alipofariki Agosti kiwanja kikapewa jina lake. Njia yenyewe inapita kilomita 4. Nairobi iko juu, mita 1,600 na ushee, hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege nzito lazima ikimbie sana kabla haijainuka.

Mjukuu_Muranga
Mzee, kwa heshima, umeruka jambo. Embakasi ilifunguliwa 1958, lakini ilichimbwa na nani? Ni mahabusu wa Mau Mau. Babu yangu alikuwa kambi ya Embakasi, na bega lake la kulia lilibaki limeinama kwa kubeba mawe. Hakupanda ndege maisha yake yote. Oktoba 2018, safari ya kwanza ya moja kwa moja kwenda New York ilipoondoka, nilikaa mbele ya televisheni nikimuwaza yeye. Wanaopita pale waambiwe njia ile ilianza kwa jembe la nani.

FundiMstaafu
Kweli kabisa, nilipaswa kuanzia hapo. Tulikuwa na mzee aliyefagia karakana, naye alipitia kambi hiyo. Siku moja aligonga sakafu kwa kisigino akaniambia chini yake kulikuwa na ule udongo mweusi unaonasa, nao wakaujaza mawe mpaka ukashiba. Akaendelea kufagia. Sikumuuliza zaidi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mwana_Likoni
Shikamoo mzee, na asante nyote wawili. Mama nimemsomea, amelia. Zile spana za Mwalimu, bado unazo?

FundiMstaafu
Marahaba. Ninazo, isipokuwa ya nusu inchi. Kitambaa pia kipo.