Tupeane uzoefu: nyumba za wageni za kijijini na matembezi ya nje, nini kilikukuta?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa tunaopenda zile nyumba za wageni za kijijini: vyumba vitatu au vinne, mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayekuandalia kifungua kinywa, na ukifungua mlango uko shambani. Kitanda kizuri hata mjini kipo. Mimi nafuata kilichoko nje: njia za miguu, vilima, mto, ndege, anga la usiku. Naanza na langu.

Nilifika mchana nikaona kilima nyuma ya nyumba. Ramani ya simu ikasema kilomita 10, kwenda na kurudi. Nikajipigia hesabu ya saa mbili, maana kwenye tambarare kilomita 5 kwa saa ndio mwendo wangu. Mwinuko sikuuangalia, kumbe njia inapanda mita 600. Iko kanuni ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, ya tangu 1892: kila kilomita 5 hesabu saa moja, kisha ongeza saa nyingine kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa hiyo saa zangu mbili zilikuwa tatu, na hapo bado hujapumzika, hujapiga picha, hujakutana na tope.

Nilitoka saa tisa alasiri. Giza lilinikuta kwenye mteremko wa mawe, simu inakaribia kuzima kwa sababu ndiyo ilikuwa ramani na ndiyo ilikuwa tochi. Kilichoniokoa ni swali. Wakati natoka, mwenye nyumba, mama mtu mzima, aliniuliza: "Unaelekea upande gani, na tukutazamie urudi saa ngapi?" Nilimjibu kwa adabu tu, sikuona uzito wake. Saa moja na nusu usiku nikaona taa mbili zinapanda kutoka chini. Alikuwa yeye na kijana wake. Hakunigombeza. Alinionyesha mahali njia inapogawanyika, akasema hapo ndipo wageni wengi hupotea wakati wa kushuka, kwa sababu ukiwa unapanda huioni ile njia ya pili.

Siku hizi naacha kwa mwenye nyumba njia ninayopita na saa ya kurudi, kwa maandishi. Na tochi ya kichwani haitoki kwenye begi. Haya, karibuni.

Mpenda Ndege

Asante kwa uzi, mkuu. Kwangu shida ilikuwa kifungua kinywa chenyewe. Meza inaandaliwa saa mbili asubuhi, na ndege wanaimba zaidi kunapopambazuka. Siku mbili nilisubiri meza kwa sababu nimeshailipia, nikatoka nje jua limepanda na kichaka kimenyamaza. Siku ya tatu nikajikaza nikasema tangu jioni. Kumbe ni jambo dogo sana kwao: nikafungiwa chakula, nikawekewa chupa ya chai, nikapewa ufunguo wa mlango wa nyuma. Zaidi ya hapo, mzee wa nyumba alinionyesha kisiki kando ya kijito, akasema kaa hapa, usitembee.

Nilikaa. Dakika kumi za mwanzo hakuna kitu. Zilipofika ishirini wakaanza kurudi, mmoja mmoja, mpaka mwingine akatua hatua tatu kutoka kwangu. Miaka yote nilikuwa nawafukuza kwa miguu yangu mwenyewe.

Anayetaka kununua darubini: ukiona imeandikwa 8x42, 8 ni ukuzaji na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Usikimbilie ya 12, bila kiegemeo inatetemeka mkononi.

Mama Watatu

Sisi tulikwenda na watoto na mbwa wetu. Njia ilipita katikati ya malisho, na tulikuwa tumeambiwa mbwa afungwe kamba, akafungwa. Tatizo kulikuwa na ng'ombe mwenye ndama mchanga. Alituangalia, akainamisha kichwa, akaanza kuja mbio. Mume wangu akakumbuka maneno ya mwenye nyumba, kwamba ng'ombe akiwajia mwachieni mbwa, akaachia kamba. Ng'ombe akamfuata mbwa, sisi tukatembea haraka kuelekea geti, hakuna aliyekimbia. Nawasihi wazazi: mbwa ana mbio kuliko ng'ombe, wewe huna. Na mkiona ndama, zungukeni mbali hata kama njia inapita hapo hapo.

La pili linaniuma zaidi. Siku hiyo hiyo nilikuta geti jingine liko wazi, nikalifunga nikidhani nasaidia. Lilikuwa limeachwa wazi makusudi ili kondoo wafike kwenye maji. Jioni mwenyeji akawakuta wamejazana getini na kiu. Niliomba radhi, akanipokea vizuri, lakini sijasahau. Geti liache kama ulivyolikuta.

Mleta mada

Pole sana dada. Mbwa alirudi?

Mama Watatu

Alifika getini kabla yetu.

Muogeleaji

Langu fupi. Ziwa dogo nyuma ya nyumba, siku ya jua kali, nikaruka. Baridi ilinibana kifua, nikawa navuta pumzi bila kutaka. Mwili ukiingia ghafla kwenye maji baridi hufanya hivyo, na dakika ya kwanza ndiyo ya hatari, maana mdomo ukiwa chini ya maji unavuta maji. Nilijilaza chali nikaelea hadi pumzi ikatulia, ndipo nikarudi ukingoni. Siku hizi naingia kwa miguu, polepole, na kuna mtu ananiangalia.

Mtazama Nyota

Usiku wa kwanza nilitoka dakika mbili, nikaona nyota za kawaida, nikarudi kulala. Taa ya uani ilikuwa inawaka na simu iko mkononi. Usiku wa pili niliomba taa izimwe, simu nikaiacha chumbani. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na ukiwasha simu mara moja unaanza upya. Baada ya nusu saa Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota nyingi, ilikuwa imetanda juu ya paa kama moshi. Kwenye Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, nilikuwa nikihesabu nyota sita, binti yangu akahesabu nane. Tulibishana hadi saa sita usiku. Chagueni siku za mwezi kuandama, mwezi mpevu unafuta karibu vyote hivyo.

Mgeni wa Uzi

Wakuu, nataka kumpeleka mama yangu, ana shida ya magoti. Kuna aliyewahi kwenda na mzee asiyepanda?

Mpenda Ndege

Nilikwenda na baba. Piga simu kabla ya kuweka nafasi, usiulize kama njia ni "rahisi", kwa mkulima kila njia ni rahisi. Uliza kama kuna ngazi, kama kuna uzio wa kuruka, na pa kukaa panapatikana kila baada ya mwendo gani. Sisi tulipewa kiti cha kukunja. Tulitembea mita mia tatu tu kando ya mto, tukakaa hapo asubuhi nzima, na baba ndiye aliyemwona mdiria wa kwanza.