Tupeane uzoefu: magofu ya Kilwa Kisiwani, kuyatembelea na kuyatunza

Mzee wa Jahazi: Wakuu, kuna picha inazunguka, watu wamepanda juu ya ukuta wa Husuni Kubwa, lile kasri la kale la sultani, wanapiga selfii. Jamani, yale ni matumbawe na chokaa ya miaka ya 1300, hakuna nondo mle! Juu ndipo maji yanapoingilia. Jiwe la juu likitikisika, masika inamalizia. Wanaojua, semeni mtu aende vipi.

Chokaa Mbichi: Watalii wana nafuu. Balaa ni fundi wa saruji. Anaona ufa, anaujaza, anasepa. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu, kwa hiyo maji ya ukutani yanatokea kwenye jiwe lenyewe, chumvi inaganda humo, jiwe linasagika unga. Misimu michache tu, saruji imetokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi na jiwe limekwisha.
Chokaa ya kuchoma iloweke shimoni miezi 3 angalau. Ndoo 1 ya chokaa, ndoo 3 za mchanga mkali. Wa ufukweni usiutie, una chumvi. Toa udongo kwenye ufa, mwagia maji mpaka ukuta ushibe, jaza sentimita 2 hivi, ikishika ndipo uongeze. Funika magunia, yaloweshe kila siku wiki nzima. Jua likiiwahi, inapasuka, unaanza upya.

Binti Masoko: Kweli tupu.

Jembe la Mchimbaji: Na mitini iliyoota juu ya kuta? Ng'oeni yote!

Chokaa Mbichi: Thubutu! Mzizi uliokwisha penya ndio unaoshika mawe. Kata shina, chipukizi likitoka kata tena.

Jembe la Mchimbaji: Ukioza unaacha tundu, fundi.

Chokaa Mbichi: Ndiyo maana unamimina uji wa chokaa, kidogo kidogo kuanzia chini. Ukimwaga wote siku moja, uzito wa maji unausukuma ukuta nje.

Mpemba Mkali: Mko kwenye mizizi, lile jumba la kale la Beit al-Ajaib pale Unguja, sehemu yake kubwa ilianguka 25 Desemba 2020 huku linakarabatiwa. Wawili wakafa.

Kijana wa Pwani: Inna lillahi. Mnara nao ulikwenda?

Mpemba Mkali: Nao.

Mzee wa Jahazi: Lile jumba la 1883 bwana, hapa ni Kilwa.

Mpemba Mkali: Mawe ni yaleyale, mzee wangu. Tegemezeni kwa boriti pande zote mbili kabla hamjagusa kitu.

Binti Masoko: Turudi safarini. Kibali kinachukuliwa Kilwa Masoko, mji wa ng'ambo ya bara, kabla ya kupanda boti. Gereza, yaani ile ngome ya kale, na Msikiti Mkuu viko karibu karibu. Husuni Kubwa iko mashariki, juu ya mwamba, msikose lile bwawa la pembe nane. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, ulizeni saa za maji: yakitoka, boti inakwama mbali, mnakanyaga tope. Songo Mnara ni kisiwa kingine, msikibane siku hiyohiyo.

Kijana wa Pwani: Mimi nasema siku moja inatosha.

Binti Masoko: Kwa kupiga picha, ndiyo.

Jembe la Mchimbaji: UNESCO waliyaweka magofu haya kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, wakayatoa 2014. Bahari haina habari na orodha, Gereza linaliwa upande wa maji. Msikate mikoko ya mbele, ndiyo inayovunja mawimbi.

Kijana wa Pwani: Na mbuzi wanaopanda kuta, nao wanakata kibali?