Msifunge duka la dawa kabla ya kufungua maabara

Mwana wa Kayole

Usugu wa dawa, yaani vijidudu kuzoea antibayotiki hadi zisiviue tena, ukitajwa hapa Nairobi, wa kulaumiwa hajabadilika: ni mama wa Mukuru aliyenunua tembe tano za amoksisilini badala ya dozi nzima, na kijana wa dukani aliyemuuzia bila karatasi ya daktari. Wanaotaka maduka yabanwe wana hoja, maana sheria inasema antibayotiki ni dawa ya kuandikiwa na sote tunajua inavyopuuzwa. Hata hivyo mimi napinga kuanzia hapo. Tuanzie wodini.

Mwaka jana baba yangu alilazwa kwa kiharusi. Hospitali siitaji. Alitiwa mpira wa mkojo siku ya kwanza na hakuna aliyeutoa. Siku ya sita homa ikapanda, akaanzishiwa seftriaksoni, sindano ya antibayotiki ambayo kila aliyeuguza mtu mjini humu anaijua: ana nimonia, anachomwa hiyo, ana kidonda, hiyo, amejifungua kwa upasuaji, hiyo. Siku tatu zikapita, homa iko palepale. Nikauliza kwa nini mkojo haujaoteshwa maabara ili ijulikane ni kijidudu gani na dawa gani inakiweza. Daktari kijana akanijibu kwa upole kwamba kipimo hicho hapo hakifanyiki, na familia nyingi hazina pesa za kukifanya nje. Tukachanga. Majibu yakaja baada ya siku mbili: Klebsiela. Seftriaksoni, sugu. Siprofloksasini, sugu. Iliyofaa ilikuwa meropenemu, sindano tatu kwa siku, na hospitali haikuwa nayo hata chupa moja.

Baba alipona, namshukuru Mungu. Lakini zile siku tatu za seftriaksoni zilifanya nini? Ziliua vijidudu dhaifu na kuviachia vile sugu uwanja mtupu. Na vijidudu hivi havikai na usugu wao kichoyo. Klebsiela inaweza kuipa E. koli, kijidudu kingine cha tumboni, kipande cha jeni kinachobeba usugu, na E. koli ikipata joto na lishe huzaliana kila dakika 20 hivi. Kitanda cha baba kilikuwa hatua mbili kutoka cha jirani yake.

Mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikadiriwa kuuawa moja kwa moja na maambukizi sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu. Nataka kila aliyelazwa na maambukizi mazito aoteshewe damu au mkojo bila kutoa senti, bima ilipe. Hilo likishafanyika, njooni tuzungumze faini za maduka.

Mfamasia, Umoja

Pole sana kwa mzee. Lakini ndugu yangu, unatusafisha kupita tunavyostahili. Nina miaka 11 nyuma ya kaunta. Unajuaje Klebsiela ile haikuingia hospitalini na mgonjwa mwenyewe? Mtu hubeba vijidudu sugu tumboni miezi kadhaa bila kuumwa chochote, halafu mpira wa mkojo unavifungulia njia.

Tangu corona, mtu akipiga chafya mbili anakuja kuniomba azithromaisini, antibayotiki, kwa jina. Mafua ni virusi, dawa hiyo haiyagusi. Nikimweleza, ananisikiliza vizuri, anavuka barabara na kuinunua kwa jirani. Nikikataa peke yangu nimefukuza mteja tu. Tukikatazwa wote, na Bodi ya Famasia na Sumu ikapita kweli kukagua, ataenda kwa daktari. Mimi naitaka sheria hiyo ikazwe leo, hata kama itanipunguzia mauzo.

Mama Wawili, Mathare

Ataenda kwa daktari yupi, kaka? Nikipanga foleni ya kliniki tangu alfajiri, siku ya kibarua imekwenda na watoto wanalala njaa. Na dawa huko mara nyingi naambiwa nikanunue nje, kwa hiyo narudi kwako wewe wewe. Kifungua mimba wangu alishikwa na nimonia saa tatu usiku, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi. Aliyekuwa wazi ni wa duka la dawa. Alimhesabia pumzi kwa saa yake ya mkononi, akanipa amoksisilini ya kuanzia, akaniambia nisingoje asubuhi, nimpeleke hospitali. Nilimpeleka. Mkilifunga duka hilo kwangu, mnipe cha badala usiku uleule.

Nesi wa zamu ya usiku

Mnabishana duka na maabara, na hakuna aliyetaja sinki. Nimefanya kazi wodi ya watoto wachanga yenye sinki moja, na kuna wiki bomba lilikuwa kavu. Watoto wawili kitanda kimoja, nesi mmoja, na kila mmoja lazima nimshike. Klebsiela katika wodi ya namna hiyo husafiri kwa mikono yetu. Nasema yetu kwa sababu yangu imo. Maabara itakupa jina la kijidudu baada ya siku mbili, na mtoto wa gramu 1,400 mara nyingi hana siku mbili. Maji, spiriti ya mikono kila kitandani, na mtu wa kuuliza kila asubuhi kama mpira huu wa mkojo bado una kazi. Baba yako huenda asingehitaji meropenemu wala hicho kipimo.

Mfugaji, Ruai

Na sisi? Kifaranga akisinzia, naingia agroveti, duka la dawa za mifugo, natoka na antibayotiki ya tetrasaiklini, naimimina kwenye maji ya banda zima, wazima kwa wagonjwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza karatasi. Kuku hao mnawala nyinyi.

Mwana wa Kayole

Dada nesi, la mpira limenichoma. Siku sita nilikaa kando ya kitanda kile na sikujua ni swali la kuuliza.

Mfamasia, nakubali kwamba sina ushahidi kijidudu kilitoka wapi. Basi nibadilishe msimamo kidogo. Shirika la Afya Duniani limezigawa antibayotiki makundi matatu: za kawaida za kuanzia, za kuangaliwa kwa makini, na za akiba. Amoksisilini iko la kwanza. Azithromaisini, siprofloksasini na seftriaksoni ziko la pili, meropenemu pia. Septemba 2024, kwenye Umoja wa Mataifa, nchi zilikubaliana kwamba angalau asilimia 70 ya antibayotiki zitumiwazo na watu ziwe za kundi la kwanza kufikia 2030. Kwa hiyo kundi la pili litoke kaunta sasa hivi, bila kungoja maabara. Hapo umenishinda. Amoksisilini ya mtoto wa Mathare usiku iachwe, kwa sharti hilohilo alilopewa mama: anza hii, nenda hospitali.

Lakini kufuli hilohilo lifungwe wodini. Seftriaksoni isivuke siku ya tatu bila majibu ya maabara kwenye faili, na gharama isiwe ya familia. Hapo sitoki.

Mfamasia, Umoja

Azithromaisini naiondoa rafuni Jumatatu. Jirani yangu hajaiondoa, nimetoka kumuuliza.