Nani anatia saini maduka ya zamani ya Jinja yabomolewe?

Jamani, leo nina hasira. Jengo jingine la zamani limeangushwa karibu na Main Street hapa Jinja, Uganda, tena wikendi, ofisi zote zimefungwa. Jumatatu tumekuta mabati yamezungushwa na tingatinga linazoa vifusi. Ule mwaka uliochongwa juu kwenye uso wa jengo, ambao sisi watoto wa mtaa wa Walukuba tuliusoma kila tukipita, umeondoka na lori.

Kinachofuata nakijua: plaza ya vioo, na ndani vijiduka vya kupangisha, vidogo kama vizimba vya kuku. Na baraza ya mbele ya duka hakuna! Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Wafanyabiashara wa Kihindi waliojenga miaka ya 1920 na 1930 walilijua jua la hapa na mvua ya ziwani. Paa walilitoa mbele likakaa juu ya nguzo, kuta wakazifanya nene, matundu ya hewa wakayaweka juu karibu na dari. Mvua ikinyesha unatembea duka hadi duka bila kulowa. Fundi cherehani anaweka mashine yake pale, wazee wanakaa pale, mama mjamzito anapumzika pale asiulizwe ananunua nini. Plaza inameza nafasi hiyo yote ili kodi iongezeke, halafu mpangaji anaungua nyuma ya kioo, na umeme ukikatika ndani hakukaliki.

Msituambie ni maendeleo. Majengo haya yalipita 1972, Amin alipowafukuza wenyewe, yakapita miaka mingi bila matunzo, yakabaki yamesimama. Leo Jinja ni jiji, tangu Julai 2020, ndiyo yanaanguka? Bei ya viwanja imepanda, basi.

Na sheria ipo. Kulikuwa na ile ya 1967 ya kumbukumbu za kihistoria, na 2023 ikaja mpya ya makumbusho. Lakini duka la kawaida ambalo halijatangazwa rasmi kuwa kumbukumbu linalindwa na nani? Wenye tingatinga wanalijua pengo hilo vizuri sana.

Madiwani wetu, tunataka hivi: kabla ya jengo lolote la zamani kuguswa, tangazo libandikwe ukutani kwa muda wa kutosha, likiwa na mchoro wa litakalojengwa na jina la ofisa aliyetoa kibali. Na kibali kisitoke kwa mchoro usio na baraza.