pg_upgrade inagoma, PostgreSQL 9.6 kwenda 14: maktaba ya PostGIS haipatikani

Mpima_Viwanja: Wakuu, naombeni msaada wa haraka. Seva ya ramani za viwanja iko PostgreSQL 9.6 (programu ya hifadhidata) na PostGIS 2.3 (nyongeza yake ya data za ramani). `pg_upgrade --check`, yaani ukaguzi kabla ya kuhamia toleo jipya, inakataa: `could not load library "$libdir/postgis-2.3"`. PostGIS 3 nimeshaiweka upande wa 14. Kazi ni usiku huu.

Kombora: 9.6 iliachwa kutunzwa Novemba 2021, na bado viwanja vya watu vimekaa humo! Tumia pg_dump (toa data yote, uipakie upya kwenye 14), achana na pg_upgrade.

Mama_Seva: Kombora, hajauliza hilo. Mleta uzi, seva ya zamani imesajili fanksheni zake kwa jina la faili `postgis-2.3`, na pg_upgrade hulihamisha jina hilo lilivyo. Kwa hiyo anzia upande wa zamani: weka `postgresql-9.6-postgis-3`, kisha `ALTER EXTENSION postgis UPDATE;` halafu `SELECT postgis_extensions_upgrade();`. Tangu 3.0 jina la faili lina namba kuu pekee, `postgis-3`, hivyo pande zote mbili zitalingana.

Mpima_Viwanja: Hayo nilishafanya. Kosa likabaki lile lile.

Fundi_Nyaya: Haiwezekani. Ukishasasisha, jina hubadilika. Uzi huu naona ni wa kutunga. Bandika `loadable_libraries.txt` nzima, ile orodha ya maktaba zilizokosekana inayoandikwa na check.

Mpima_Viwanja: Sijatunga, mkuu. Faili inataja hifadhidata ya `majaribio`, mimi nilisasisha ya viwanja tu. Na niseme wazi: nilipokwama niliweka `ln -s postgis-3.so postgis-2.3.so`, yaani kiungo kinacholipa faili jipya jina la zamani, sasa check inapita. Nitaendesha na `--link` (14 itumie faili za 9.6 bila kuzinakili) maana data ni GB 310 na diski imebaki GB 40. Si inatosha?

Fundi_Nyaya: Basi nafuta kauli yangu. Lakini haitoshi.

Mama_Seva: Ondoa hicho kiungo. `--check` hujaribu kupakia faili tu. Haikagui fanksheni moja moja zilizomo, na usajili wako utaendelea kuwa wa 2.3. Extension (nyongeza kama PostGIS) husasishwa kwa kila hifadhidata, hata `template1` (kiolezo cha hifadhidata mpya) kama imo. Ingia kila moja uone kama jina la zamani limebaki:

`SELECT DISTINCT probin FROM pg_proc WHERE probin::text LIKE '%postgis-2%';`

Ikitokea `rtpostgis-2.3`, hizo ni fanksheni za rasta (raster, data za picha): rudia `postgis_extensions_upgrade()`, kisha kama huna safu za rasta, `DROP EXTENSION postgis_raster;`. `majaribio` kama haina kazi, ifute.

Kombora: Na `--link` bila bakapu ni kuchezea haki za watu. Ukishawasha 14, 9.6 si salama kuwashwa tena, zinatumia faili zile zile.

Mpima_Viwanja: Muda niliopewa wa kuzima ni saa mbili. Kunakili GB 310 hakutaisha.

Mama_Seva: Kutaisha. Fanya `rsync` (zana ya kunakili faili) kwenda mashine nyingine sasa hivi, seva ikiwa inaendelea. Ukishaizima, rudia kwa `--checksum`; itasoma data yote, ila itapeleka yaliyobadilika tu. Ndipo uendeshe `--link`. Ukiwasha 14, `vacuumdb --all --analyze-in-stages`, maana takwimu za mpangaji (sehemu inayochagua njia ya kutekeleza maswali) hazihamishwi, na amri hiyo huzikusanya upya.

Fundi_Nyaya: Kama unahama pia Ubuntu 18.04 kwenda 20.04, fanya `REINDEX` (kujenga upya) kwa faharasa za maandishi. glibc (maktaba ya msingi ya Linux) 2.28 ilibadilisha mpangilio wa herufi, na 18.04 ina 2.27.